Ofisi ndani ya chumba kimoja: jinsi ya kutenga kona ya kazi Rhonda, pamoja na saa zake na pesa zake

Tafuta picha za ofisi za nyumbani mtandaoni uone utakacholetewa. Chumba kizima cha kazi tu, dirisha kubwa, meza nyeupe, kiti cha magurudumu, na mmea mrefu pembeni ambao inaonekana hakuna mtoto amewahi kuung'oa jani. Picha tamu sana. Shida ni kwamba wateja wetu wengi hapa Nakuru hawaishi ndani ya picha hiyo. Wanaishi kwa ploti: milango imepangwa mstari, uwanja mmoja katikati, bomba moja, choo cha pamoja, na chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi. Humo ndani kuna kitanda, viti, meko, ndoo za maji, nguo na watoto. Na siku hizi kuna kazi pia.

Makala hii tumemwandikia huyo. Ni yule dada wa Rhonda anayeshona sare za shule nyumbani, kijana wa Kaptembwo anayenakili sauti za wateja wa ng'ambo, mama anayeuza viatu kupitia WhatsApp, mwalimu anayefundisha watoto wa jirani jioni, na mweka hazina wa chama ambaye ofisi yake ni kitabu kimoja na simu moja.

Tutaongea kuhusu meza, kiti na taa, lakini hatutaishia hapo. Kwa maoni yetu, ofisi ya nyumbani ni mipaka mitatu: mpaka wa mahali, mpaka wa saa na mpaka wa pesa. Ukiwa na meza nzuri lakini pesa za mteja zinanunua unga bila wewe kujua, hiyo ofisi itafungwa kabla meza haijachakaa. Ukiwa na stuli na kreti la soda lakini mipaka yako imesimama, kazi itakua.

Tumefikaje hapa?

Kufanyia kazi nyumbani si jambo geni Kenya. Fundi cherehani, msusi, mama wa mandazi, wote wamekuwa wakifanya hivyo kabla ya watu wa ofisi kulipa jina. Kilichobadilika ni vitu viwili.

Cha kwanza ni simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na tangu hapo huduma za kulipana kwa simu zimefanya mteja aweze kulipa bila kufika mlangoni. Cha pili ni korona. Tarehe 15 Machi 2020 Rais alitangaza shule zifungwe na akawahimiza waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Siku iliyofuata, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za kuondoa ada kwa malipo ya simu yasiyozidi shilingi 1,000, na unafuu huo ulidumu mpaka mwisho wa mwaka ule. Watu wengi waliokuwa wakilipwa pesa taslimu walizoea kulipwa kwa simu, na hawakurudi nyuma.

Ongeza hapo mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016 kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, na Nakuru yenyewe kupandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Matokeo yake ni kwamba chumba cha Rhonda kinaweza kuwa na mteja wa Eldoret, wa Mombasa au wa Marekani. Ila chumba chenyewe hakijaongezeka hata futi moja.

Mpaka wa kwanza: mahali

Tuanze na somo kutoka mbali kidogo, Lamu. Katika nyumba za zamani za mawe za Waswahili, mgeni wa biashara hakuingizwa moja kwa moja ndani. Kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa na watu, akaongea bei, akamaliza mambo yake, na familia ikabaki ndani na siri yake. Na ndani ya nyumba, kuta zilichimbwa zidaka, vishubaka vidogo vya kuwekea vitu, ili sakafu ibaki wazi.

Wajenzi wale walijua mambo mawili tunayoyahitaji hapa: kazi ipewe sehemu yake hata kama ni ndogo, na vitu vipande ukutani.

Chumba cha futi kumi kwa kumi kina futi 100 za mraba. Meza ya futi tatu kwa futi moja na nusu inachukua futi nne na nusu za mraba. Ukiongeza nafasi ya kiti na ya kusogea nyuma, futi tatu kwa mbili na nusu, unapata kama futi 12 kwa jumla. Hiyo ni kama sehemu moja ya nane ya chumba. Haionekani kubwa, lakini ni lazima uamue itatoka wapi. Kaa na wenzako wa nyumba muamue pamoja: hii kona ni ya kazi. Ukiamua peke yako, kesho utakuta sufuria juu ya kompyuta.

Chagua kona isiyo njiani. Kona nzuri ni ile ambayo mtu hapiti nyuma yako akienda kuchota maji, iliyo mbali na meko, na ambayo kioo cha kompyuta au simu hakiangalii mlango. Hilo la mwisho tutalirudia tukifika kwenye usalama.

Tumia pazia. Karibu kila chumba cha ploti kina pazia linalotenga kitanda na sebule. Fanya vivyo hivyo kwa kazi. Waya mmoja, misumari miwili, na shuka nzito au leso mbili zilizoshonwa pamoja. Pazia likifungwa, kila mtu anajua uko kazini. Likifunguliwa, umerudi nyumbani. Mtoto wa miaka minne anaelewa pazia kuliko anavyoelewa maneno "niko na mkutano".

Panda ukutani. Rafu mbili za mbao juu ya meza zinabeba vitabu, uzi, chaja na mafaili. Kabla ya kutoboa ukuta, ongea na mwenye ploti au keateka, maana ukihama unaweza kukatwa pesa ya deposti. Kama ukuta ni wa mabati au mbao, rafu ya kusimama yenyewe ni salama zaidi.

Mwanga: Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu. Maana yake ni kwamba mwaka mzima jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile, na mchana linakuwa juu ya kichwa. Dirisha la mashariki litakumulika usoni asubuhi, la magharibi litakuchoma alasiri. Madirisha ya kaskazini na kusini ndiyo yenye mwanga mtulivu zaidi. Mpangaji hachagui dirisha, tunajua. Lakini unaweza kuchagua utakavyokaa: kaa dirisha likiwa upande wako wa kushoto au kulia. Likiwa nyuma yako, kioo kitang'aa na hutaona kitu. Likiwa mbele yako, macho yatachoka na kwenye simu ya video utaonekana kivuli.

Kama chumba ni cheusi, rangi nyeupe au krimu ukutani inasaidia kuliko balbu ya pili, kwa sababu inarudisha mwanga uliopo. Baadhi ya wenye ploti hukubali kubadilisha kipande kimoja cha bati kwa kile kinachopitisha mwanga. Kuuliza si ujinga.

Kiti na meza: usinunue kiti kwa sura. Kaa kwanza. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, magoti yakunje kama pembe ya meza, mgongo upate pa kuegemea. Meza ya kawaida ya kuandikia huwa kati ya sentimita 72 na 75 kwenda juu. Ukiwa umekaa na viwiko vyako viko chini sana ya meza, ongeza mto wa kukalia na uweke kigoda chini ya miguu. Fundi wa mbao wa mtaani anaweza kukutengenezea meza ya kukunja inayofungwa ukutani kwa bawaba. Mchana ni ofisi, usiku unaikunja na watoto wanapata pa kulala.

Ukitumia kompyuta ya kubeba, iinue juu ya kreti au vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako, kisha utumie kibodi ya nje, hata ya mtumba. Kioo kikae umbali wa mkono mmoja. Na kila dakika 20, inua macho uangalie kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20. Ndani ya chumba hakuna mita sita, kwa hivyo fungua mlango uangalie upande wa pili wa uwanja. Utapumzisha macho na utajua nani amemaliza kufua.

Vumbi: wengi husema jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Anayeishi hapa mwezi wa Januari hahitaji kushawishiwa. Vumbi linaziba feni ya kompyuta, joto linapanda, na mashine inakufa mapema. Ukimaliza kazi, ifunike kwa kitambaa safi. Cherehani pia. Usiweke kompyuta juu ya kitanda au blanketi ikiwa inafanya kazi, maana inakosa hewa.

Kelele: paa la bati na mvua havipatani na simu za wateja. Msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Panga simu muhimu asubuhi. Mteja wa mbali mwambie mapema kwamba ukinyamaza ghafla, utamwandikia. Dari ya mbao nyembamba, au hata kapeti na mapazia mazito, hupunguza mwangwi. Kuhusu redio ya jirani, dawa yake ni mazungumzo. Mwambie saa zako ni zipi, na umwulize zake. Ujirani ni kupeana.

Upambe kidogo: kona ya kazi inafaa ikupe moyo. Mmea mmoja kwenye mkebe, kalenda kubwa yenye tarehe za kupeleka kazi, picha ya kile unachokitafutia pesa: cheti cha mtoto, shamba, au cherehani ya pili. Kimoja au viwili vinatosha. Ukijaza ukuta, unarudisha vurugu uliyoitoa sakafuni.

Stima: hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Watu wengi wanaogopa kwamba kompyuta itamaliza tokeni. Tuangalie.

Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kompyuta ya kubeba inayotumia wati 50 kwa saa nane inakula uniti 0.4 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti kama 10.4. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa tano kila siku ya kazi ni uniti 1.2 hivi kwa mwezi. Kifaa cha waifai cha wati 10 kikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 7.2, kwa hivyo kizime ukilala.

Sasa linganisha na pasi ya wati 1,000. Saa moja tu ya kupiga pasi ni uniti moja, yaani zaidi ya siku mbili za kompyuta. Kumbe adui wa tokeni yako huenda si kazi.

Kujua bei halisi ya uniti ni rahisi. Fungua ujumbe wa tokeni uliyonunua mwisho, chukua kiasi ulicholipa, gawanya kwa idadi ya uniti ulizopewa. Bei hiyo tayari ina ushuru na makato mengine ndani yake. Zidisha kwa uniti zako za kazi, na umepata gharama ya stima ya ofisi yako.

Kama mita ni ya ploti nzima na stima imo ndani ya kodi ya nyumba, mweleze mwenye ploti kabla hajakuuliza. Hesabu uliyoifanya ndiyo itakayokutetea. Na tafadhali, usibebeshe ekstensheni moja kompyuta, pasi na kifaa cha kuchemshia maji. Nyaya zinapata joto, na kwenye ploti moto hauchomi chumba kimoja. Soketi na mtungi wa gesi viwe mbalimbali.

Mpaka wa pili: saa

Ukiwa nyumbani, kila mtu anaona uko huru. Jirani anapiga hodi kuomba chumvi anabaki nusu saa. Shangazi anakutuma dukani "kwa vile uko tu". Mzigo huu unawaangukia kina mama zaidi, kwa sababu nyumba inawahesabu kuwa wafanyakazi wake hata wakiwa kazini.

Andika saa zako ubandike ndani ya mlango. Mgeni akija saa ya kazi, msalimie nje kwa heshima, muulize hali, umwambie utampitia jioni. Ni kama lile daka la Lamu: kusalimiana kunafanyika, lakini mlangoni.

Kwa wenye wateja wa nje, hesabu saa kabla ya kuahidi. Saa tatu asubuhi New York huwa saa kumi jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi yao. Saa tatu asubuhi London (tunasema London ya Uingereza, si ya hapa Nakuru) huwa saa tano asubuhi kwetu, au saa sita mchana wakati wa baridi yao. Kama kazi yako ni ya usiku na watoto wanalala chumba hichohicho, nunua taa ndogo ya meza yenye kofia ielekee chini, na spika za masikioni. Mtoto akinyimwa usingizi wiki nzima, ofisi yako itakuwa imeanza kula nyumba.

Na weka saa ya kufunga. Funika mashine, fungua pazia, zima data. Mteja aliyekuandikia saa nne usiku anaweza kungoja mpaka asubuhi.

Siku ambazo stima hakuna au ploti ina sherehe, usilazimishe. Pawabanki iliyojaa, maktaba mjini, au meza kwa rafiki wa mtaa wa pili ni mpango wa akiba ambao lazima uwe nao kabla ya siku hiyo kufika.

Mpaka wa tatu: pesa

Hapa ndipo sisi tunapohusika zaidi, na ndipo tunaona biashara nzuri zikizama kimyakimya.

Tatizo liko hivi. Mteja analipa 3,000 kwenye namba yako ya kawaida. Jioni unanunua mboga, unatuma nauli kwa ndugu, unaweka bando, unalipia mtoto karatasi za shule. Kesho kitambaa kinahitajika na pesa haipo. Hukuibiwa na hukuponda raha. Pesa mbili zililala kitanda kimoja tu.

Tenganisha namba. Pesa za kazi ziingie kwenye akaunti au namba ya biashara, na za nyumbani zibaki kwenye namba yako ya kawaida. Huo ndio ukuta wa ofisi yako, na hauhitaji hata futi moja ya chumba.

Jilipe mshahara. Chagua siku moja kwa wiki, tuseme Ijumaa, uhamishe kiasi ulichoamua kutoka biashara kwenda nyumbani. Usihamishe kila siku vipande vidogo. Kwanza ada za kila muamala hujumlika, pili utapoteza hesabu. Angalia jedwali la ada kabla ya kuhamisha, ujue kiasi gani kinakupa thamani.

Hesabu gharama zote, hata zisizoonekana. Chukua mfano huu wa mtu anayenakili sauti. Badilisha tarakimu uweke zako.

Ameingiza 24,000 kwa mwezi. Bando 2,000. Stima 350. Kompyuta aliyonunua 30,000 anatarajia imtumikie miezi 30, kwa hivyo kila mwezi anaitengea 1,000. Meza na kiti vilimgharimu 3,600, na akivigawa kwa miezi 24 ni 150. Jumla ya gharama ni 3,500. Kilichobaki ni 20,500.

Hiyo 20,500 ndiyo pesa yake, na hata hiyo asiimalize. Katika mfano wetu, 15,000 zinakwenda nyumbani kama mshahara, 3,000 akiba ya dharura, na 2,500 zinabaki kwenye biashara kungoja mwezi mbaya. Kwa kazi za mtandaoni mwezi mbaya huja. Mwenye nyumba naye bado atataka kodi tarehe tano, mteja awe amelipa au hajalipa. Akiba ile ndiyo inayokuzuia kuuza kompyuta ili ulipe nyumba, kisha ukose cha kulipia nyumba mwezi unaofuata. Tukisema mipaka, hii ndiyo hatari tunayojaribu kuizuia.

Ile 1,000 ya kompyuta usiiache wazi. Iweke kwenye akiba iliyofungwa. Siku mashine itakapokataa kuwaka, hutaenda kwa mkopo wa haraka.

Kuna upande mwingine wa hesabu. Kama ungeenda mjini kila siku, tuseme nauli 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26 ni 2,600. Chakula cha 150 kwa siku ni 3,900. Jumla 6,500. Kukaa nyumbani kunaokoa pesa hiyo, lakini pesa iliyookolewa bila kuhesabiwa huyeyuka. Mwezi wa kwanza, chukua nusu yake ujenge kona: balbu nzuri kwanza, kisha kiti, kisha pazia. Meza ingoje mwezi wa pili.

Tunza kumbukumbu. Kila mwisho wa mwezi pakua stetimenti ya namba ya biashara na uihifadhi. Itakusaidia kujaza ritani za KRA kabla ya 30 Juni, na itakutetea siku utakapoomba mkopo. Mkopeshaji hawezi kuona bidii yako, lakini anaweza kuona miezi sita ya pesa zikiingia bila kuchanganyika na za mboga.

Usalama wa ofisi isiyo na mlinzi

Ploti ni mahali pa watu wengi na macho mengi. Wengi ni wema. Hata hivyo:

Usiandike PIN ukiwa umeupa mlango mgongo. Ndiyo maana tulisema kioo kisiangalie mlango.

Mteja akija kulipa ana kwa ana, usisome ujumbe kwenye simu yake. Ngoja ujumbe ufike kwenye simu yako, kisha hakikisha salio limeongezeka. Ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza, salio la uongo si rahisi.

Mtu akikupigia akisema ametuma pesa kimakosa, usimrudishie kutoka mfukoni mwako. Angalia kwanza kama zimeingia, kisha umwelekeze apige simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yake.

Kama unaandika majina, namba za kitambulisho au picha za wateja, hizo ni data za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na haiwahusu wakubwa peke yao. Daftari lako lifungiwe kabatini, na karatasi za zamani zichanwe kabla ya kufungiwa mandazi.

Kazi yako muhimu iwe na nakala mahali pengine, nje ya mashine. Kompyuta ikiibiwa utalia, lakini utalia mara moja.

Na ukianza kupokea wateja wengi hapo nyumbani, pitia ofisi za kaunti uulize kuhusu leseni ya biashara. Ni bora uende wewe kuliko waje wao.

Anza wiki hii

Jumatatu, pima chumba na mkubaliane kona. Jumanne, geuza kiti mwanga uje kutoka upande. Jumatano, tundika pazia. Alhamisi, fanya hesabu ya uniti kwa kutumia tokeni yako ya mwisho. Ijumaa, fungua namba ya biashara, uwatumie wateja wako wote ujumbe mmoja: "Kuanzia leo malipo yawe kwa namba hii." Jumamosi, jilipe mshahara wako wa kwanza, hata ukiwa 500.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji chumba cha pili.

Una swali kuhusu namba ya biashara, ada au stetimenti? Uliza ndani ya programu yetu au kwa wakala aliye karibu nawe. Na kumbuka kila siku: PIN yako ni yako peke yako. Sisi hatutakupigia simu kuiuliza, na yeyote anayeiuliza si sisi.